Bakuli la tambi mbele ya ghala la ufuta

Kila mwaka mvua zinapokatika na mashamba ya Ruangwa na Nachingwea, mkoani Lindi, yanapoanza kugeuka rangi, magunia ya ufuta huanza safari. Hutoka shambani kwa baiskeli, bodaboda na trekta, hupimwa kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika, AMCOS, huingia ghala kuu, kisha hupigwa mnada chini ya Chama Kikuu cha Ushirika cha RUNALI, ambacho jina lake limebeba wilaya tatu: Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Tangu 2024 minada hiyo inapita kwenye mfumo wa kidijitali wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Mnunuzi akishinda, malori hushuka pwani, na sehemu kubwa ya mzigo huishia China, nchi inayoongoza duniani kwa kuagiza ufuta. Kuanzia hapo habari ya ufuta kwetu huwa ni habari ya bei tu: mwaka jana ulipanda, mwaka huu umeshuka. Nani anaula, anaula vipi, na kwa nini anautaka mweupe na safi, hatuulizi. Hoja yangu ni kwamba maswali hayo yana faida kwa mkulima, na mahali pa kuyajibia ni jikoni. Miji ya Ruangwa na Nachingwea inahitaji mgahawa wa bei ya chini unaopika Kichina, wenye mwenyeji kama mmiliki, na ufuta wa hapa ukiwa ndiyo nguzo ya chakula chake.

Lazima nieleze ni mgahawa gani ninaoutetea, maana jina lenyewe linapotosha. Mtanzania akisikia hoteli ya Kichina hufikiria ukumbi wa Masaki au Oysterbay, Dar es Salaam: taa nyekundu za karatasi, meza ya duara yenye kioo kinachozunguka, na bili ambayo aghalabu hulipwa na kampuni. Hicho ni chakula cha hafla, na Mchina wa kawaida hali hivyo kila siku. Mji wa Wuhan, kando ya mto Yangtze, una chakula chake cha asubuhi kiitwacho reganmian, yaani tambi kavu za moto. Tambi huchemshwa mapema zikabaki na ugumu kidogo, zikatiwa mafuta na kupoozwa zisigandane. Mteja akifika, fungu lake hutumbukizwa kwenye maji yanayotokota kwa muda usiotosha hata kuhesabu chenji, hukung'utwa, huwekwa bakulini, halafu humiminiwa rojo zito la ufuta uliokaangwa na kusagwa. Juu yake hutiwa soya sosi kidogo, vipande vya figili iliyosindikwa na majani ya kitunguu. Mteja hukoroga mwenyewe na kula akiwa amesimama, au akitembea kuwahi kazi. Ni chakula cha kuli, karani na mwanafunzi. Nyama si lazima, samaki si lazima. Kinachoshibisha na kinachonukia ni ufuta.

Mfano wa pili unatoka Hong Kong, ilipokuwa koloni la Uingereza. Chai ya maziwa, mkate wa siagi na makaroni vilikuwa vyakula vya hoteli za wenye nafasi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wenyeji wakafungua kwa wingi vijimgahawa vinavyoitwa cha chaan teng, vyakula vile wakavikata vitoshe mfuko na ulimi wa mfanyakazi. Chai ikapikwa nzito, ikachujwa kwa mfuko mrefu wa kitambaa na kutiwa maziwa ya kopo. Makaroni yakatumbukizwa kwenye supu yakawa kifungua kinywa. Leo ufundi wa kuandaa chai hiyo umo katika orodha ya urithi wa utamaduni ya Hong Kong, na hakuna anayeiita chai ya Mwingereza. Hiyo ndiyo tabia ya mgahawa wa bei ya chini popote unapostawi: hupokea cha mgeni, hukipunguzia gharama, hukipa jina la nyumbani. Walichofanya watu wa Hong Kong kwa chakula cha Mwingereza ndicho ninachotaka mama lishe wa Nachingwea na Ruangwa wakifanye kwa chakula cha Mchina.

Kwa nini hapa, na si Dar es Salaam ambako Wachina wapo wengi? Kwa sababu Nachingwea ni mji uliokuzwa kwa ajili ya mdomo wa mtu mwingine. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika katika maeneo matatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Azma ilikuwa kulima zaidi ya ekari milioni 3 ili Mwingereza apate majarini ya kupaka kwenye mkate wake. Bandari ikaanza kujengwa Mtwara na reli ikavutwa kutoka pwani hadi Nachingwea. Udongo ukakataa, mvua ikakataa, mashine zikaharibika. Mwanzoni mwa 1951 mradi ukafutwa baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni, na katika miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa. Mkasa huu husimuliwa kama somo la mipango mibovu, na kweli ni mibovu. Lakini hata ungefaulu, ndani yake hapakuwa na nafasi ya jiko la Mmwera wala la Myao. Karanga zilihesabiwa kwa tani za kupakia melini. Hesabu ya mboga ya kuungwa nyumbani haikuwamo kabisa.

Mzigo umebadilika jina, mwendo umebaki ule ule. Korosho zetu nyingi huondoka ghafi kwenda India na Vietnam. Madini ya kinywe ya Ruangwa yanalenga soko la betri ambalo China ndiyo imelishika kwa usindikaji. Ufuta nao huondoka punje kwa punje kama ulivyotoka shambani. Hata uhusiano na China si mgeni hapa. Farm 17, jina lililotokana na mashamba ya mradi wa karanga, ilikuja kuwa kambi ya FRELIMO, na wakufunzi wa kijeshi kutoka China walifika Nachingwea kuwanoa wapiganaji wa Msumbiji. Wachina basi walikwishakula chakula Nachingwea nusu karne iliyopita na zaidi. Historia imetunza mbinu za vita walizofundisha, na ya jikoni haikuandikwa. Sasa wanakula ufuta wetu kwao, sisi tunasoma bei yake kwenye simu.

Atakayesema kwamba mkulima wa hapa haujui ufuta atakosea. Bibi anajua kuutwanga na kuungia mboga, na kashata za ufuta na mkate wa ufuta vinafahamika. Ila elimu hiyo imebaki nyumbani, tena inazeeka. Ukienda kwenye mabanda ya chakula karibu na stendi au soko unakuta ugali, wali, maharage, dagaa, samaki wa kukaanga, nyama, chipsi mayai. Ni chakula kizuri, lakini zao linaloipa wilaya fedha halionekani mezani. Tena mafuta yaliyokaangia chipsi hizo mara nyingi ni ya dukani, na nchi yetu bado inaagiza mafuta mengi ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia. Mkulima anauza mbegu ambayo karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, kisha anarudi dukani na chupa kununua mafuta ya kupimiwa. Kinyozi hajinyoi, wahenga walisema, lakini sidhani walimaanisha atembee na nywele zilizomfunika macho.

Wapishi wa hapa wana karibu kila kitu kinachotakiwa. Karai la chipsi lina tumbo la duara kama lile la chombo cha Wachina cha kukaangia. Mpika chapati anajua tayari siri kubwa ya tambi: kukanda unga wa ngano mpaka uvutike, kuufunika ulale, kisha kuusukuma. Donge lile lile likikatwa nyuzi nyembamba badala ya kufanywa duara ni tambi, na likichemshwa halihitaji mafuta. Mbogani kuna chainizi, ambayo jina lake linatamka asili yake kila siku sokoni na hakuna anayeikataa kwa kuwa ni ya Wachina. Kuna tangawizi, vitunguu saumu, majani ya kitunguu, matango, mayai na pilipili. Rojo la ufuta halina uchawi. Ufuta unapembuliwa, unaoshwa na kuanikwa, kisha unakaangwa kwa moto mdogo bila mafuta huku mwiko ukizunguka, mpaka punje zianze kudata na harufu ibadilike kutoka ya nyasi kuwa ya karanga. Hapo unaepuliwa upesi, kwa kuwa ukizidi dakika moja unakuwa mchungu. Ukisagwa kwenye mashine ile ile inayosaga karanga, kwanza unatoka kama mchanga uliolowa, halafu unalegea, na ukiachwa kwenye chupa usiku kucha mafuta yake yanapanda juu, ya rangi ya asali. Kijiko kimoja kikubwa cha rojo hilo, chumvi kiasi, kitunguu saumu kilichopondwa na maji ya moto kidogo vinatosha kuvisha bakuli zima la tambi.

Kitabu cha hesabu cha mama lishe kinaongeza nguvu ya hoja. Maharage huchemka kwa saa nyingi na makande huchemka zaidi, na kila saa ina mkaa wake. Upishi wa Kichina wa mtaani hutumia muda mrefu kukata na muda mfupi kupika: mboga na nyama hukatwa vipande vidogo, moto unakuwa mkali, na katika dakika chache chakula kimeiva. Hili lilikuwa jambo dogo wakati kuni zilikuwa jirani. Si dogo tena. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwisho wa kipindi hicho, na mama lishe ni miongoni mwa wanaohimizwa kuacha mkaa. Tatizo ni kwamba wanahimizwa kubadili jiko bila kuambiwa wabadili chakula. Mtungi wa gesi ukichemshia maharage mchana kutwa utakula faida yote. Mtungi huo huo ukikaangia chainizi na mayai kwa dakika tatu kwa sahani, juu ya tambi zilizochemshwa mara moja asubuhi, hesabu inaanza kuleta maana. Anayetaka nishati safi ifike Nachingwea azungumze pia juu ya chakula kinachoiva upesi.

Pingamizi zito kuliko yote ni la hesabu, nami nitaanza nalo. Mgahawa mmoja, hata kumi, hauwezi kubadili bei ya ufuta. Ni kweli. Chukua mgahawa unaouza bakuli 100 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, kila bakuli likila gramu 30 za ufuta. Jumla ni kilo 900, mavuno ya ekari chache tu. Mnada wa RUNALI huuza tani kwa maelfu. China huagiza karibu tani milioni moja kwa mwaka, na bei itaendelea kufuata mahitaji yake na mavuno ya Sudan, Ethiopia, Nigeria, Niger na Msumbiji. Anayeahidi kwamba tukila ufuta wetu bei itapanda anawadanganya wakulima, na kusini tumeshaahidiwa mengi. Mimi siahidi bei.

Ninachodai ni kwamba mlaji anajua kitu ambacho muuzaji tu hakijui. Ufuta ukikomaa hukatwa, hufungwa matita, matita husimamishwa yaegemeane mpaka maganda yake yakauke na kufunguka, kisha hupinduliwa na kukung'utwa. Mkulima aliyetandika turubai anapata ufuta safi. Aliyekung'utia kwenye ardhi tupu anapata ufuta wenye mchanga, na mchanga huo una ukubwa unaokaribiana na punje, kiasi kwamba chekeche la kawaida linashindwa kuutenganisha wote. Maofisa ugani husema tandika turubai, vyama vya ushirika husema tandika turubai, na bado mzigo mchafu unafika ghalani, kwa sababu kwa mkulima mchanga ni uzito na uzito ni fedha. Sasa mkalishe mkulima huyo mbele ya bakuli la tambi lililotiwa rojo la ufuta wa namna hiyo. Tonge la kwanza litasaga chini ya meno na hatahitaji semina. Ataelewa papo hapo kwa nini mnunuzi anapunguza bei, na ataelewa pia wakati gani mnunuzi anasingizia. Mtu anayekula zao lake hawezi kuambiwa kirahisi kwamba ni baya wakati ni zuri, wala hawezi kujidanganya kwamba ni zuri wakati ni baya.

Vivyo hivyo kwa mbegu. Kituo cha utafiti cha TARI Naliendele, Mtwara, kimezalisha aina bora za ufuta, mojawapo ikipewa jina la Lindi 2002. Mkulima anaambiwa aina hii ina punje nyeupe na soko linaipenda. Anaambiwa kama mtu anavyoambiwa matokeo ya mechi aliyoikosa. Wapishi watatu wakikaanga aina tatu kwa wiki moja, watajua ipi inakaangika sawasawa, ipi ina ganda gumu, ipi inatoa mafuta haraka, na maneno yao yatafika mashambani kwa kasi kuliko kipeperushi. Wilaya inayotamani viwanda vya kukamua na kusaga ufuta ianzie kwa watu wanaojua ladha ya kinachotoka kwenye mashine. Kusini tumewahi kuona viwanda vya korosho vikijengwa kwanza na ujuzi ukisubiriwa baadaye, na majengo yakaishia kuwa maghala. Mgahawa ni kiwanda kidogo ambacho kosa lake hugharimu sufuria moja.

Pingamizi la pili ni la utamaduni: usiache mbachao kwa msala upitao. Watu wa Lindi wana ugali wao, wali wao wa nazi, kisamvu chao, kwa nini wafuate tambi? Ninaiheshimu methali hiyo, lakini tuitumie kwa haki. Muhogo, mahindi na karanga, vyote vilitoka Amerika na kufika kwetu baharini. Chapati na sambusa vimekuja kwa njia ya Bahari ya Hindi, na chai yenyewe ni mmea wa Wachina tuliopokea kupitia kwa Wahindi na Waingereza, tukautia tangawizi na iliki mpaka ukasahau kwao. Vijana wamekwishahamia kwenye tambi za pakiti zenye kijifuko cha unga wa chumvi, bila kamati yoyote ya utamaduni kukaa. Tambi basi zimeshaingia kinywani. Lililobaki ni nani azipike: kiwanda cha mbali kwa mafuta ya mawese, au mwanamke wa Nachingwea kwa ufuta wa jirani yake. Mbacha unabaki pale pale, tunaongeza jamvi ukumbini.

Pingamizi la tatu ni la dini, na katika mkoa wenye Waislamu wengi kama Lindi halifai kupuuzwa. Wengi huamini kwamba chakula cha Kichina ni nguruwe na pombe. Ukweli ni kwamba China ina mamilioni ya Waislamu, na mojawapo ya vyakula vya bei nafuu vinavyopendwa nchi nzima ni tambi za supu ya ng'ombe za Lanzhou, zinazovutwa kwa mkono na kuuzwa katika vijimgahawa vya Waislamu wa kabila la Hui. Mpishi hushika donge la unga, hulivuta kwa mikono miwili, hulikunja, hulivuta tena, na kila mkunjo unaongeza nyuzi maradufu. Supu hutokana na mifupa ya ng'ombe na viungo, nyama ni halali, pombe haiuzwi. Mgahawa wa Ruangwa au Nachingwea ukifuata mkondo huo hauna cha kuombea radhi. Supu ya ng'ombe ya asubuhi tunayo tayari, tunainywa na chapati. Kuitia tambi ni hatua moja mbele.

Pingamizi la nne ndilo lenye hasira zaidi: tukifungua mlango wa chakula chao, wenyewe watafuata na kutuondoa sokoni. Hofu hii ina msingi, na serikali iliitambua Julai 2025 ilipotoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara kadhaa ndogo, ikiwemo rejareja na kununua mazao shambani. Tunakumbuka pia kilichotokea Nairobi 2015, pale mgahawa mmoja wa Kichina mtaa wa Kilimani ulipoandamwa na umma na kufungwa baada ya kubainika kuwa unawazuia Waafrika kuingia usiku. Mgahawa wa aina ile ni boma la wageni ugenini, na ninachopendekeza ni kinyume chake. Chakula hakina pasipoti. Upishi ukishakaa mkononi mwa mama lishe wa hapa, hakuna mgeni mwenye haja ya kuja kuuleta, na akija atakuta soko lina mwenyewe. Kwa Ruangwa lipo na la ziada: kanuni za madini za 2018 kuhusu ushirikishwaji wa Watanzania zinawapa wenyeji kipaumbele katika kuuzia migodi bidhaa na huduma. Mpishi anayeweza kumlisha fundi wa Kichina na mchimbaji wa Kimwera kwa karai moja ana hoja nzito anapoomba zabuni ya chakula mgodini. Siku za mechi za Namungo, klabu ya soka ya Ruangwa, mji unapojaa wageni wenye njaa na dakika chache kabla ya filimbi, chakula kinachotoka ndani ya dakika tatu hakikosi mnunuzi.

La tano ni afya. Soya sosi ina chumvi nyingi, na kiungo kinachoitwa ajinomoto hutiwa ovyo na wapishi wengi, wa Kichina na wetu. Shinikizo la damu si hadithi. Hapa sina utetezi wa jumla, nina sharti: mgahawa utumie soya sosi kwa kijiko na ufuta kwa ukarimu, kwa kuwa rojo la ufuta lenyewe lina ladha nzito isiyohitaji chumvi nyingi, lina protini na madini ya chokaa. Tulinganishe na kinachouzwa sasa. Bakuli la tambi za kuchemshwa, chainizi na ufuta haliwezi kushindwa kiafya na chipsi zilizozama kwenye mafuta yaliyorudiwa mara nyingi.

Lipo tatizo moja ambalo wapinzani hawajalisema, nami nalitaja kwa kuwa linaweza kuua wazo hili kabla halijazaliwa. Mfumo wa stakabadhi ghalani unataka ufuta wa biashara upite AMCOS na mnadani. Mfumo huu umemsaidia mkulima: bei inatangazwa hadharani, mizani inaonekana, na mlanguzi aliyekuwa akinunua kwa bakuli na kwa mkopo wa njaa, ule mtindo wa kangomba tunaoufahamu kwenye korosho, amebanwa. Sitaki ulegezwe. Ila mama lishe anayenunua debe moja la ufuta kwa jirani yake asitazamwe kama mlanguzi, na mkulima anayebakiza gunia la kula asione kwamba anatenda kosa. Halmashauri za Ruangwa na Nachingwea pamoja na RUNALI zinaweza kuweka utaratibu ulio wazi: kila AMCOS itenge magunia machache, yauzwe kwa wapishi na wasindikaji wadogo wa wilaya kwa bei ya mnada wa mwisho, kwa risiti. Mkulima hapotezi kitu, mfumo hauvuji, na jiko linapata mali.

Mengine hayahitaji fedha mpya. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ipo kisheria, na kikundi cha mama lishe watano chenye karai, mashine ya kusagia na mtungi wa gesi ni mradi unaoeleweka kuliko mingi inayoombewa mikopo hiyo. VETA wanafundisha upishi, SIDO wanazijua mashine ndogo za kusaga na kukamua. Kinachokosekana ni mtu wa kuyaunganisha hayo na kusema kwamba chakula cha bei ya chini ni sehemu ya sera ya kilimo. Mikutano ya wadau wa ufuta huzungumzia pembejeo, magunia, ushuru na usafirishaji, halafu wajumbe huenda kula wali kuku. Mkutano mmoja uandaliwe ambao chakula chake cha mchana ni ufuta mtupu, uliotoka kwenye maghala yale yale wanayoyajadili.

Fikiria basi siku ya mnada. Bei imetangazwa, wengine wameridhika, wengine wananung'unika. Nje ya ghala kuna banda la mabati, karai linatoa mvuke, na mama mmoja anakoroga rojo la ufuta kwenye bakuli la bati. Mkulima anakaa, analipa kiasi kile kile ambacho angelipa wali maharage, anakula. Bei iliyoandikwa ubaoni haijabadilika hata senti moja kwa sababu ya mlo huo. Lakini msimu ujao, afisa akimwambia atandike turubai, atakuwa na sababu yake mwenyewe, aliyoihisi kwenye meno. Na mnunuzi akimwambia mzigo wake ni hafifu, atachota punje kiganjani, atazitafuna, na atamjibu.